Mikono Iliyo Ukutani Stanmore

Tottenham, 9 Februari 2025

Shikamoo mama. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Goti lako je?

Jana nilikwenda Stanmore, hapa hapa London, kwa wale Wahindi uliokuwa yaya wao pale Moshi mjini, kuwapelekea kahawa yako. Bhavini alipofungua mlango alidhani mimi ni dada wa ajensi ya kuhudumia wazee, nimekuja kumwogesha mama yake, akanipa glavu. Mama, nilizivaa. Mimi ninayeandika tasnifu nzima ya falsafa kwamba weusi, uanamke na umaskini humkandamiza mtu kwa pamoja, nilimsugua Mama Damyanti miguu kimya kimya. Kahawa nikarudi nayo.

Ukutani kuna picha ya Bhavini mchanga. Wewe haumo. Ipo mikono tu, imembeba, na kovu la kidole gumba nikalitambua. Nilimwonea wivu, mama. Mimi nilibebwa na bibi, wewe ukimbeba yeye.

Nimekukumbuka mno.

Mwanao,
Vaileth

Old Moshi, 16 Februari 2025

Marahaba mwanangu. Goti linalalamika, mengine namshukuru Mungu.

Hayo matatu ya tasnifu yako mimi nilikuwa naamka nayo. Kikombe changu kwao kilikaa peke yake chini ya sinki. Kama ni kwa rangi yangu, ufukara wangu au uanamke wangu, nani angenieleza? Chai niliinywa.

Picha naikumbuka. Asubuhi ile bibi yako alituma mtu kwamba una surua na umekataa maziwa. Nikaomba ruhusa, nikaambiwa tumalize picha kwanza. Mpiga picha alinigombeza nimtazame mtoto. Mimi macho yalikuwa mlangoni.

Usiwachukie, ila glavu usivae tena. Bhavini mpe salamu zangu, nilimlea.

Mama yako,
Elinaja

Old Moshi, 20 Aprili 2025

Mwanangu, hujambo? Pasaka imefika sijapata neno lako. Kama nimekuudhi, sema. Usininyamazie.

Mama

Tottenham, 27 Aprili 2025

Shikamoo mama. Nisamehe. Sikukasirika, nilikosa tu ujasiri wa kurudi Stanmore.

Jana nilikwenda. Bhavini akaanza kunielekeza bafuni, nikamwambia sikuja kufanya kazi, nimeleta salamu na kahawa, na ile mikono ukutani ni ya mama yangu.  Akaitungua picha, akafungua fremu.

Haikukatwa, mama. Ilikunjwa. Miaka thelathini uso wako ulikuwa umekunjiwa nyuma.

"Sikujua kuna mtu," akasema, akalia. Sikumbembeleza. Baadaye tulichemsha kahawa yako, tukanywa, naye akaniuliza jina lako zima. Picha amenipa.

Ni kweli, ulikuwa unautazama mlango. Ulikuwa kijana gani, mama, mzuri hivyo, na huzuni yote ile! Mkunjo wa karatasi umekuachia kama kovu jingine, shingoni.

Nimeisimamisha mezani, inauelekea mlango wa chumba changu. Kila jioni nikiingia nakukuta unanitazama.

Mwanao,
Vaileth