Mguu wa Kulia

Katwe, Kampala
Jumamosi asubuhi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mashine ya kusaga inaendeleaje? Na Mama, kifua kimetulia, au mvua ikinyesha bado anakohoa? Huku kwa Senje, dada yako, tu wazima, namshukuru Mungu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua, Baba: ile mashine imeyala masikio yako, na kwenye simu unaniitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza jina langu. Leo nina hofu, na ningependa uisome barua hii yote.

Nimeketi nje ya karakana ya Ssalongo, fundi wa amplifaya. Hapa baba wa mapacha huitwa Ssalongo, na yeye hana jina jingine ninalolijua. Yuko ndani anakijaribu kitu nilichokitengeneza. Jirani zake wanagonga mabati, kwa hiyo sisikii kinachoendelea, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Kitu chenyewe ni pedali ya gitaa. Ni kisanduku kidogo cha bati. Mpigaji akikikanyaga, sauti ya gitaa inakuwa nene na ya kukwaruza, kama mzee aliyeamka na hasira. Nilimwomba Ssalongo anipokee likizo ijayo nijifunze mezani pake. Hajawahi kupokea msichana. Alinitazama, akafungua redio mbovu, akatoa transista moja, kipande kidogo kinachokuza sauti, na kuniwekea kiganjani.

"Nnyabo," akasema, yaani bibie, "tengeneza pedali na hii. Ikiria vizuri, unakuja. Ukiiunguza, sina ingine. Basi, tumemarizana."

Nilikilehemu kisanduku kwa uangalifu wote ulionifundisha. Kililia, lakini vibaya: noti ilianza vizuri, kisha ikakatika-katika na kufa kabla ya wakati. Nilimrudia Ssalongo. Alisikiliza mara moja tu.

"Transista imerara nusu. Pima mguu ya kuria. Ukipata nusu ya betri, iko sawa. Ukikosa, badirisha rezista."

Unajua watu wa hapa wanavyobadilisha "l" na "r", Baba. Moyoni nikamsahihisha, kwamba amekusudia mguu wa kulia, nikaenda zangu nikiwa na furaha ya Mkenya anayekijua Kiswahili.

Transista ina miguu mitatu. Niliigeuza uso wake bapa unitazame, nikapima mguu wa kulia. Sifuri. Betri ni ya volti tisa, nami natafuta nne na nusu! Nikaondoa rezista inayoiamsha transista, nikaweka ndogo zaidi ili umeme upite mwingi. Sifuri. Nikaweka ndogo kuliko hiyo. Sifuri tena, na safari hii hata ile sauti ya kukatika-katika ikapotea. Nilibonyeza, nikapiga nyuzi za gitaa nililoazima kanisani kwa Senje, ikatoka pumzi tu.

Baba, niliichomoa betri. Nilijua nimeiunguza. Senje alisikia harufu ya risasi ya kulehemia akaja mbio na kanga mkononi.

"Nekesa! Unataka tulale nje? Kaka yangu nitamwambia nini?"

"Hakuna moto, Senje."

"Hakuna moto na macho yako yako hivyo?"

Nikakisukuma kisanduku chini ya kitanda. Kwa siku kadhaa sikukigusa kisanduku. Shuleni mwalimu akiniita nilishtuka kama aliyeshikwa na wizi. Niliwaza namna nitakavyomrudishia Ssalongo transista iliyokufa, na vijana wake wa karakana watakavyocheka.

Alhamisi nikajikaza. Nikafanya ulivyonionyesha kwenye mota ya mashine: nikafuata waya kwa kidole, bila kuruka hata kona moja. Ule mguu wa kulia ulikwenda moja kwa moja hadi upande hasi wa betri. Basi hata ningepima mpaka Krismasi, ungenipa sifuri! Lakini kwa nini fundi mzima anitume huko? Nikiwa bado nashangaa, Senje akauliza kutoka jikoni:

"Na hicho kidude chako, siku hizi kinalia ama hakilii?"

Kinalia. Kulia! Hakumaanisha upande wa mkono wa kulia, Baba. Alisema mguu wa kulia, mguu unaolia, ule unaotoa sauti. Kwenye transista hii uko kushoto.

Niliupima. Ulikuwa karibu na sifuri pia, lakini sasa nilijua sababu: nilikuwa nimeiamsha transista kupita kiasi. Nikarudisha rezista kubwa kidogo kidogo, na volti zikapanda. Nilipokaribia nne na nusu niliacha, nikapiga uzi mmoja. Ulilia mpaka Senje akaziba masikio.

Lakini huko ni nyumbani. Hapa je? Miguu ya transista nimeilehemu mara nyingi, labda imechoka. Kijana mmoja amechungulia mlangoni akaniona nimeinamia karatasi, akawaambia wenzake, "Mkenya anasari!" Wamecheka. Na kweli nilikuwa nimeanza kusali.

Nisalimie Mama kabla sijasahau, na Kuka, babu yangu, umwambie magoti yake nayakumbuka. Mdogo wangu Wafula asome. Na Mama Mchungaji aliyeniombea safari, salamu zake nyingi.

Baba, Ssalongo ameniita. Naendelea kuandika kwenye kona ya meza yake. Alikuwa amekifungua kisanduku, kidole juu ya rezista.

"Uripima wapi?"

"Mguu unaolia, Ssalongo."

"Na kwanza?"

"Mkono wa kulia."

Kijana wa mlangoni akapiga makofi. "Mkenya, Kiswahiri kimekushinda!" Ssalongo hakucheka. Alisukuma pedali yangu pembeni, akavuta amplifaya kubwa iliyofunguliwa nyuma, akaniwekea mita mbele.

"Hii ni ya kanisa, wanaitaka kesho. Haisemi kitu. Tafuta."

Hakusema nimefaulu. Naogopa kuliko jana, Baba. Waya ni nyingi, nami nimeshaweka kidole kwenye wa kwanza.

Ni mimi binti yako,
Nekesa