Walitaka Kuisikia Sauti ya Konsolata

Murusagamba, Jumapili. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na mpaka sasa migomba ya ng'ambo ya barabara siioni. Misa sikwenda. Nilisema naumwa kichwa, na kweli kinauma, ila kinachoniuma zaidi si kichwa.

Jana walikuja kumposa mdogo wangu Konsolata. Wakaondoka bila kumposa.

Nianzie nyuma kidogo, maana wengi mnaopita kwenye blogu hii hamtujui. Konsolata ni kiziwi tangu alipougua homa utotoni. Alisoma shule ya bweni ya viziwi, mbali na huku, akarudi anaongea lugha ya alama mpaka raha kumtazama. Mimi najua nusu, nusu nyingine tunaelewana kwa macho. Kazi yake ni cherehani. Hapa kwetu ukitaka sare ya kwaya ikukae vizuri, unakwenda kwake.

Mwaka huu jirani yetu Mama Renatus alifunga sola na kununua televisheni. Kila Jumapili baada ya misa wanawake tunajazana sebuleni kwake kuangalia tamthilia ya Kikorea. Ni hizi zilizotiwa Kiswahili, ambazo mtafsiri mmoja anasema sauti za watu wote. Ya safari hii ni ya msichana kiziwi anayependwa na kijana wa familia tajiri, na mama wa kijana hamtaki. Jamani, watu walilia! Mama Renatus ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifuta machozi kwa kitenge. Yule mama wa Kikorea akitokea tu, sebule nzima inamshukia. "Shetani mkubwa wewe, mtoto wa watu amekukosea nini?" Hayo ni maneno ya Mama Renatus mwenyewe, siongezi chumvi.

Kwenye simu mambo yalikuwa hayo hayo. Ukurasa wa wapenzi wa tamthilia za Kikorea ulijaa watu waliolia mpaka bando likaisha, wengine wakiapa kwamba watajifunza lugha ya alama. Nilikuwa namwonyesha Konsolata maoni yao, naye anatabasamu.

Yeye hakulia hata siku moja. Mapema kabisa aliniambia kwa mikono: huyu dada anasikia. Nikabisha. Akanieleza kwamba kikombe kilianguka nyuma ya yule msichana, na kope zake zikacheza. Halafu akamcheka vidole, eti anaongea kama mtu anayechambua mchele. Nikamwambia aache ujuaji, atazame mapenzi.

Kumbe mapenzi yalikuwa hapo hapo sebuleni. Renatus, kijana wa mwenye nyumba, fundi pikipiki, alikuwa anakaa karibu na mlango. Akaanza kuomba afundishwe alama. Maji, chakula, njoo. Baadaye nikaona wanaongea kwa alama ambazo mimi sijawahi kufundishwa. Nilifurahi mpaka nikaanza kumwita shemeji kabla ya wakati.

Huku kwetu rubisi, pombe ya ndizi wanayokuja nayo wageni wa posa, haifunguliwi mpaka binti aitwe na kuulizwa mbele ya wote kama wageni anawajua, na kama baba yake aipokee. Lazima ajibu kwa kinywa chake, watu wasikie. Wazee wanasema ni kumlinda binti asiozwe kwa nguvu. Jana Konsolata aliulizwa, nikamtafsiria, akajibu kwa mikono huku uso unang'aa. Nami nikasema kwa sauti kwamba anawajua, baba apokee.

Baba mdogo wa Renatus akatikisa kichwa. Akasema dada mtu hawezi kumjibia, wao wanataka kumsikia mwenyewe. Nikamtazama Mama Renatus nikingoja aseme neno. Alikuwa anatazama mkeka.

Konsolata anayo sauti. Tangu wasichana wa sokoni walipomwiga, haitoi mbele ya watu, tunaisikia sisi wa nyumbani tu. Jana aliitoa. Alisema, "Ndiyo, baba." Ilitoka kama inavyotoka siku zote, nzito, ya kifuani, ikapanda juu mwishoni. Mimi nilielewa. Baba alielewa, niliona machozi yanamlenga.

Mtu mmoja upande wa wageni akacheka.

Mama Renatus akajifunika uso kwa kitenge. Wakanong'ona wao kwa wao, kisha mshenga akasimama, akasema wanaomba wakajipange upya. Wakaubeba mtungi wao. Huku kwetu mtungi ukirudi njiani umejaa, kila mtu aliyeko barabarani anajua kilichotokea.

Leo nimekaa nikiwaza, nadhani nimeelewa. Kwenye tamthilia, kila yule msichana alipoinua mikono, mtafsiri alimwekea sauti nyembamba, tamu, ya kubembeleza. Hatukuwahi kukaa naye kimya hata kidogo. Mama Renatus alimpenda kiziwi mwenye sauti ya redioni. Nina hasira chafu, nakiri. Nimetamani radi iipige ile sola.

Na hasira kubwa zaidi si kwa Mama Renatus. Renatus alikuwepo! Alikaa pembeni ya mshenga, mikono ameibana katikati ya magoti. Kinywa anacho, na alama amefundishwa. Hakutumia chochote.

Mchana Mama Renatus amenipigia. "Mwanangu, leo ndiyo mwisho wa ile tamthilia. Njoo na Konsolata, yasiwe makubwa." Nimekata simu. Baadaye nimeona kwenye ule ukurasa kwamba mama wa kijana amemkubali msichana, amempigia magoti kabisa, na watu wanalia kwa furaha. Nimeandika maoni yangu pale, nikayafuta.

Konsolata amekaa kwenye cherehani kutwa nzima bila kushona. Hajauliza habari za Renatus. Ameweka kiganja kooni, akaniuliza: ikoje? Sauti yangu ikoje?

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kumweleza.

Nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye koo langu, nikaita jina lake. Kisha nikauweka kwenye koo lake, nikamwomba aniite. Kila asubuhi huwa ananiita toka jikoni, "Dada!", mpaka kuku wanakimbia, nami humjibu kwa kugonga sakafu kwa mguu. Akakataa. Akabana midomo, akautoa mkono, akarudi kutazama sindano.

Leo asubuhi hakuniita. Alikuja kunigusa bega.

Kesho ataniita?