Kamba za Nguo Kule Juu

Jumamosi. Baridi ya Julai, na jua limegoma tangu Jumanne.

Nguo hazikauki. Soksi za binti yangu Ivy nilizianika juzi, na ukizikamua bado zinatoa maji. Naanza na soksi kwa sababu naogopa kuanza na Wairimu.

Wairimu ana miaka kumi na mitatu. Anakaa ghorofa ya nne, mimi ya pili, ploti hii hii ya mtaa wa Mowlem. Mama yake huuza sare za shule za mitumba kule soko la Gikomba na hutoka kabla hakujapambazuka. Mimi ndiye niliyefika shuleni kwao mwezi wa pili na masanduku ya sodo za kufua, zile za hedhi za kutumia tena. Kila msichana alipata vitambaa vitatu vya maua, vimeshonwa vizuri, na kipande cha sabuni. Shirika letu ni dogo na wafadhili wako mbali. Ukipewa sanduku, unashukuru.

Nilisimama mbele ya darasa nikaongea kama daktari. Loweka kwa maji baridi, fua kwa sabuni, suuza, anika juani. Jua ndilo linaloua vijidudu, wasichana. Nikawaambia warudie, wakarudia kwa sauti moja. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Sikuwauliza wanaanika wapi.

Na jibu nilikuwa nalo, kwa kuwa naishi hapa. Kamba za nguo ziko mahali pamoja tu, juu ya paa, za familia zote za ploti. Vijana hushinda huko wakicheza drafti. Mimi mwenyewe chupi zangu huzianika chini ya leso, kama mama alivyonifundisha, na sijawahi kuzisahau huko hata siku moja.

Wairimu naye alifunika kwa leso. Upepo ukaipeperusha, vijana wakaona. Tangu siku hiyo jina lake likawa Maua. Wawili kati yao wanasoma naye, kwa hiyo jina lilifika darasani kabla yake.

Hakumwambia mtu. Akaanza kuanika chini ya godoro.

Jumatatu asubuhi mama yake alinibishia mlango. Nilijua kuna jambo, maana saa hiyo huwa sokoni. Wairimu alikuwa na homa na maumivu ya tumbo la chini hata hawezi kusimama wima. Tulimpeleka zahanati tukimshika huku na huku. Muuguzi akasema ni maambukizi, akamuuliza anatumia nini akiwa kwenye hedhi. Alinitazama mimi.

Tuliporudi, mama yake aliinua godoro. Vitambaa vilikuwa pale, vibichi, vinanuka uvundo, na maua yake.

"Auntie, ulisema jua," Wairimu aliniambia. "Na jua iko tu kwa roof. Na kwa roof kuna hao maboyz."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Mama yake alinisindikiza hadi mlangoni. "Mama Ivy, mimi sikulaumu. Lakini hivyo vitambaa, si ungeniambia hata mimi? Mimi si mamake?"

Nimelia wiki hii kuliko nilivyolia mwaka mzima. Homa imeshuka, dawa zinafanya kazi, lakini shule hataki kuisikia. Mitihani ya muhula imempita. Anasema akirudi watamwita Maua, na kwamba asiletewe tena kitu chochote na watu wetu. Watu wetu ni mimi.

Ngoja nikiri lingine. Sodo hizo sikuwa nimewahi kuzitumia. Mimi hununua za dukani, zile unazofungiwa kwa gazeti, natumia natupa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilikuwa nikifundisha shibe yangu.

Jana mkubwa wangu alinitumia ujumbe. Ripoti inatakiwa Jumatatu, na wafadhili wanataka kisa kimoja cha kufurahisha. Yule msichana wa ploti yenu, akauliza, hatuwezi kumpiga picha akitabasamu?

Sijamjibu.

Wiki hii mwezi wangu ulipofika nilichukua pakiti ya mfano, ile ninayoonyesha darasani, nikatumia. Leo asubuhi nikafua kama ninavyofundisha, nikapanda juu na beseni. Vijana watatu walikuwepo. "Niaje, mathe," wakanisalimu kwa heshima, hata wakasogeza drafti yao nipite. Nikaanika upya soksi za Ivy. Nikaanika shati. Kitambaa kikabaki peke yake ndani ya beseni, na leso nilikuwa nayo begani.

Nikashuka nacho.

Nina miaka thelathini na sita. Nimezaa, nimezika mume, nimesimama mbele ya wasichana wengi nikiwaambia hedhi si aibu. Nikafunga mlango, nikainua godoro.

Kiko hapo sasa, nimeketi juu yake nikiandika haya. Kisa cha kufurahisha sina. Jumatatu ripoti yangu itaanzia chini ya godoro hili, wapende wasipende. Lakini kabla ya ripoti kuna ngazi mbili za kupanda hadi ghorofa ya nne. Huko sitabeba kitu. Nitamweleza Wairimu nilichokifanya leo, nimwombe msamaha, kisha nimuulize swali ambalo nilipaswa kumuuliza mwezi wa pili.

Nimekigusa tena. Bado kibichi.