Valère, Kombe Lile Si Letu

Mwaka umezunguka, Valère, tangu ulipofumba macho, na nyumba yako ya Mangobo haijauzoea ukimya.

Mkeo Clothilde bado hushtuka Jumatatu asubuhi. Ndiyo siku uliyokuwa ukimsomea habari ya mechi ya jana kabla ya kuipeleka gazetini, yeye akitwanga sombe, majani ya mihogo, na kila ulipoingiza neno refu la Kifaransa alisimamisha mchi akakuambia hilo halieleweki sokoni. Ulinuna, kisha ukalifuta. Mji mzima ulisifu Kiswahili chako chepesi. Sisi tulijua nusu yake ni cha Clothilde.

Ulikuwa mtoto wa wavuvi wa maporomoko, mapadri wakakusomesha, ukapata kazi ya kalamu na tai. Lakini uwanjani hukukaa kamwe kwenye viti vya wakubwa. Ulisimama nyuma ya goli, juani, pamoja na wapagazi wa bandarini. Na mtu akikujia na kisa chake, mlinzi wa soko aliyemnyang'anya mama mmoja samaki wake, au mwuguzi anayetaka kuku kwanza ndipo atoe dawa, ulimsikiliza mpaka mwisho huku chakula chako kikipoa. Kisha ukaandika. Wengine walisema hayo ni matabishi tu, vijihongo vya kila siku. Wewe ulisema ndiyo maana yananuka.

Kisha Jafari, kipa wetu, akavunjika goti mbele ya macho yako.

Wakati ule kila aliyeingia uwanjani alilipa franka moja ya ziada, na tuliambiwa ni ya mfuko wa wachezaji walioumia. Ulikwenda kumtazama Jafari ili uwaandikie wasomaji kwamba anaendelea vizuri. Ulimkuta mkekani, mguu umevimba na unatoa usaha, mama yake amekwisha kuuza sufuria zake zote kwa ajili ya dawa. Ulimwuliza mfuko umempa nini.

"Mufuko gani?" akakuuliza.

Ulirudi nyumbani hukula. Clothilde alidhani umeshikwa na homa, akakugusa shingo. Ulimwambia si homa, ni kinyaa. Tangu siku hiyo ulizunguka kwa baiskeli ukiwatafuta wote walioumia uwanjani, mmoja mmoja, na kila nyumba ilikujibu kama Jafari. Mwisho mwashi mmoja alikupeleka akakuonyesha pesa zilikolala: baa mpya ya Bwana Constant, mwenyekiti wa kamati ya mpira. Yeye mwashi ndiye aliyeijenga, na kamati ndiyo iliyomlipa. Na muzungu wa ofisi ya michezo, aliyepaswa kuuliza pesa zinakwenda wapi, alikuwa akinywa humo kila jioni bila kutoa kitu.

Clothilde alikuomba uandike yote ila uache majina. Ulimjibu kwamba bila majina kila mmoja wao atasema anasemwa mwenzake. Naye akakaa, akakukatia maneno marefu kama siku zote.

Gazeti likatoka, watu wakasomeana mpaka kwenye mitumbwi. Wiki haikuisha, ukaitwa, ukafukuzwa kazi, ukapelekwa uhamishoni Yahuma kwa amri, kana kwamba wewe ndiye mwizi. Uliishi kwa mihogo ya wakulima waliokuhurumia. Ulirudi na kifua kibovu, hukuinuka tena. Jafari alikatwa mguu. Baa ilipakwa rangi upya.

Siku tuliyokuzika, Constant alikuja na shada kubwa la maua. Alisema Kifaransa kirefu juu ya kaburi lako, akajipangusa macho kwa leso nyeupe. Clothilde alimwacha amalize kwa heshima yako, si kwa heshima ya Constant.

Tungeishia hapo. Lakini kabla ya kumbukumbu hii Constant alifika nyumbani, akaketi kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Alieleza kwamba kamati imeanzisha kombe jipya, litaitwa kwa jina lako, na kila mtu mlangoni atatoa franka ya ziada kwa heshima ya marehemu.

"Na wewe mama, hatutakusahau," alisema. "Kila mechi utapata kitu yako."

Valère, unajua hali ya nyumba. Karo ya watoto haijalipwa, na paa la jikoni linavuja. Lakini Clothilde akauliza Jafari atapata nini.

Constant akacheka kidogo. "Jafari tena? Bon, mama, ile mambo ilishaisha."

"Mguu yake haikurudia," Clothilde akamwambia. "Na Valère, alipokuwa muzima mulimufukuza. Sasa amekufa, munataka akuje kuwafanyia kazi. Hapana, papa. Jina yake iko kwangu, na sikupe."

Constant akaondoka akisema jina la marehemu ni la watu wote. Na kweli, Jumapili iliyofuata jina lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa uwanja, kwa rangi nyekundu. Clothilde alivaa nguo zake za matanga, akamchukua dada yako Marthe, wakasimama chini ya jina lako wakimwambia kila aliyefika kwamba ile franka si ya mjane, wala si ya watoto, wala si ya kipa. Hatutakudanganya: wengi walisikia, wakatikisa kichwa, wakalipa, wakaingia. Mpira ni mtamu. Lakini wapagazi wako wa nyuma ya goli waligeuka wote wakarudi makwao, na wavuvi wakawafuata, mpaka polisi walipowasukuma mkeo na dada yako hadi barabarani. Marthe alichaniwa kitambaa cha kichwa.

Gazeti lako la zamani lilikubali kututolea kumbukumbu hii, mradi tuondoe habari ya kombe. Tulichukua karatasi yetu tukaondoka. Hili mnalosoma ni gazeti jingine.

Basi na ijulikane Mangobo, na ng'ambo ya mto, na kokote uliposomwa: familia haikuomba kombe, haijala franka yake, na haitaila. Atakayewadai pesa kwa jina la Valère anawaibia, kama mlivyoibiwa zamani kwa jina la walioumia.

Wanaokukumbuka ni mkeo Clothilde. Watoto wako Séverin, Gertrude na Michel. Dada yako Marthe. Ndugu zako wa maporomoko. Na Jafari, ambaye si wa damu yako, lakini ameomba jina lake liwekwe hapa, na sisi tumeona ni haki yake.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili ijayo asubuhi, kisha watu watakula nyumbani kwako. Njooni nyote. Mlangoni hakuna atakayetozwa kitu.

Uko nasi, Valère, leo na siku zote zitakazokuja.