Pompi Yako Haikukulilia, Patro

Patro,

Usitegemee nianze na maneno mazuri. Nimekasirika. Kama huko uliko kuna kiti, kaa, maana leo nasema mimi, mwanafunzi wako, na wewe bosi wangu hutanikata neno.

Nilikuambia usiende Kabambare na ile homa. Nilikuambia mbele ya bibi yako wa ndoa, Mama Zaina, naye alisikia. Ukanicheka: "We mutoto, homa gani itashinda fundi wa Kasongo?" Ukapanda pikipiki kwenye mvua kwenda kutengeneza mashini ya watu. Ukarudi umefungwa nyuma ya mutu kama muzigo wa muhogo, na hukuamka tena. Haya, fundi wa Kasongo!

Ndugu yako mudogo Sumaili akakataza mutu yeyote kugusa vyombo vyako mpaka matanga yaishe. Ni desturi, sikatai. Lakini pompi ya presio, ile inayorusha maji kwa nguvu, si kitanda. Mama Zaina anaosha nayo pikipiki zinazotoka Kabambare na matope mpaka kwenye taa. Ndiyo chakula cha watoto wako. Ikakaa tu kwenye jua, haizunguki, mpaka spi, ile pete ya mpira inayozuia mafuta ya ndani, ikakauka ikapasuka. Siku tulipoondoa matanga tukaiwasha. Maji yalipiga vizuri, lakini chini mafuta: to, to, to.

Unajua Sumaili alisema nini? "Pompi inamulilia mwenyewe. Haitaki kukaa hapa tena." Wamama wakaanza kulia. Mimi nikapaza sauti: "Pompi haina macho, iko na spi!" Akaniita mutoto asiye na adabu. Adabu sina, lakini nilisema kweli. Machozi gani yananuka mafuta? Na yeye alikuwa amekwisha kupatana bei na wachimbaji wa Lusangi, wale wanaosafisha muchanga wa zahabu, waje kuichukua siku ya soko. Nikamwambia: "Ningojee mpaka siku hiyo. Likitoka hata tone, ichukueni, na mimi mnifunge juu yake."

Nilijisifu, unanijua. Shule niliiacha mapema lakini mikono yangu imesoma. Nikafungua, nikatoa spi ya zamani, nikasafisha, nikapaka grisi, nikasukuma mupya. Tukawasha. To, to, to! Nikafungua tena: mpira umekatwa kama kwa wembe. Kile chuma kinachozunguka ndani ya pompi kina mufereji wenye makali, na spi lazima ipite juu yake. Dukani ilibaki spi moja tu. Ingine, mpaka Kindu.

Hapo nilikutukana, Patro. Nilikutukana sana. Maana kila mara ukifika kwenye spi ulinituma: "Kimbia, niletee biskwi." Nikirudi umenipa mugongo, kazi imekwisha, unapokea biskwi unatafuna. Mimi nilifikiri ni tumbo yako!

Nikamwomba Mama Zaina anifungulie sanduku lako la vyombo. Chini kabisa nikakuta nailoni za biskwi, maganda ya zile biskuti zako, zimeviringwa, zimejaa grisi, kila moja na umbo la kile chuma. Unavalisha chuma nailoni, spi inateleza juu ya makali, halafu unavuta nailoni. Basi. Ni hiyo tu! Nikakaa chini nikalia kwa hasira. Mimi niliyekufulia kombinezo zako za kazi, niliyebeba vyombo vyako mpaka Nyangwe, ulinificha nailoni? Uliogopa nini? Kwamba nitafungua kiwanja changu cha kazi mbele ya chako? Ningefungua, ndiyo. Na kila asubuhi ningekuita uje uone namna ninakosea.

Ile spi ya mwisho ya dukani niliipitisha hivyo. Siku ya soko wachimbaji wakafika na kamba zao. Nikawasha. Nikaosha pikipiki yao wenyewe mpaka ikaonyesha rangi waliyoisahau. Sumaili akapitisha kidole chini ya pompi, akakiangalia, akakinusa. Kikavu. "Imenyamaza," akasema. Bado tu anataka iwe ilikuwa inalia! Lakini kamba zilirudi Lusangi bila kitu.

Halafu Mama Zaina akaniuliza: "Umefanya namna gani, baba?" Nikafungua mudomo niseme ni siri ya kazi. Maneno yakatoka nusu, na yalikuwa na sauti yako, Patro. Yaliniogopesha. Nikamwita yeye na binti yako Zaina, nikachukua ile spi iliyokatwa na nailoni, nikawaonyesha pole pole. Zaina akaipata mara ya kwanza. Nikamwambia ni bahati tu. Si bahati.

Lala sasa. Bado nimekukasirikia, na sijui itaisha lini. Pompi haitoki kwenye kiwanja chako nikiwa na mikono. Na kila ninachojua Zaina atakijua, na mutu mwingine yeyote atakayeniuliza. Siku yangu ikifika, wanililie tu. Asibaki hata mumoja na kitu cha kuniuliza.

Mutoto wako wa kazi,
Kitenge