Kibao cha Kutishia Ndege

Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Wiki ya tano hapa Walikale. Bado sijazoea miti. Kwetu Nyabiondo mtu akitoka mlangoni anaona kilima nyuma ya kilima. Hapa anaona majani.

Leo watoto ishirini na watatu. Wote wapo! Mkubwa ana miaka sita. Mdogo kabisa, nadhani, hajafika minne. Mama yake alidanganya umri wake ili apate kupumua. Masera Joséphine-Marie, mtawa anayesimamia shule, anataka wajifunze do-re-mi wakiwa wamesimama mistari, mikono nyuma. Nilijaribu wiki ya kwanza. Mmoja alilala akiwa amesimama. Sasa nimechora ngazi sakafuni kwa chaki, wanaruka: do chini kabisa, sol katikati, kila mmoja anaimba anapotua. Anayekosa sauti anaanguka mtoni, yaani nje ya chaki, na wengine wanapiga kelele. Wanapenda kuanguka kuliko kupanda. Wanakosa makusudi, wajanja hao.

Halafu mchezo wa mvua. Vidole juu ya majani ya mgomba – manyunyu. Viganja – mvua. Vibuyu vyenye maharage – mvua ya mawe. Nikiinua mkono, kimya. Emérita hunyamaza kabla sijauinua. Ana miaka mitano, meno mawili ya mbele hana. Nikamwuliza anajuaje. Akasema: "Nasikia mukono yako inataka."

Nimeandika hapa nisije nikasahau.

Alhamisi, 8 Oktoba

Barua ya mama. Maharage yamevunwa. Anauliza tena kama kuna mtu. Hakuna mtu, mama.

Na watu wazima najikunja kama jani la kifauongo likiguswa. Na watoto sijikunji. Usiku hujiuliza kama huu ni wito au ni kukimbia tu. Mchana sijiulizi, sina nafasi: kuna makamasi ya kufuta.

Emérita amewafundisha wenzake mvua inayoondoka. Hakuna aliyemwambia. Walipiga polepole, polepole zaidi, mwishoni kidole kimoja. Nilisahau kuinua mkono.

Ijumaa, 9 Oktoba

Siku nzuri kuliko zote! Nilitaka wajue upepo pia. Nikakumbuka kile kibao ambacho kaka zangu walizungusha kutishia ndege mashambani kwetu. Nikachonga ubao wa sanduku la sabuni, mwembamba, ncha mbili, tundu moja, kamba ndefu. Nikazungusha katikati ya darasa. Ulinguruma kama simba aliye mbali. Nilicheka mwenyewe.

Na watoto – kimya! Ishirini na watatu, hata mdogo yule asiyetulia. Macho makubwa. Mvulana mmoja alifunika uso kwa shati. Ukimya wa namna ile sijaupata tangu nianze kufundisha. Emérita peke yake alisogea, akashika kamba, akazungusha mara tatu, nne. Ulilia vizuri mikononi mwake kuliko kwangu.

Niliwaambia: leo mmesikiliza kwelikweli.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mvua. Katekista Barthélemy alinipita kwenye ukumbi wa kanisa bila salamu. Labda hakuniona.

Jumatatu, 12 Oktoba

Watoto tisa.

Nilingoja hadi jua likapanda. Nikafikiri surua. Nikafikiri soko. Nikaenda kwa Barthélemy, aliyezaliwa hapa hapa, nikamwuliza kuna msiba gani. Alikuwa anafagia, akaendelea kufagia. Akaniuliza kama ni kweli nilizungusha kitu. Nikasema ndiyo, kibao, cha kutishia ndege. Akatazama nyuma kuona kama kuna mtu.

Hakukitaja jina. Alisema tu kwamba wavulana wa hapa wakipelekwa msituni kutahiriwa, kuna sauti inayotoka huko. Wanawake na watoto wakiisikia hujifungia ndani na kufunika vichwa. Sauti hiyo si ya mtu. Hivyo ndivyo wanavyoambiwa tangu tumboni. Mvulana hujua ni nini siku yake ikifika. Mwanamke hajui kamwe. Na mwanamke akiona, tumbo lake hufungwa.

"Na wewe, Papa Barthélemy? Umebatizwa!"

"Nimebatizwa, ndiyo. Na nilipitia kule pia. Sasa unataka nikwambie nini, Mwalimu?"

Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba wote waliona, lakini kuna mutoto mumoja alishika.

Hawakuwa wanasikiliza. Walikuwa wanaogopa. Nami niliwasifu!

Jumanne, 13 Oktoba

Nilimweleza Masera. Alicheka – si kwa ubaya, hana ubaya – akanishika shavu na kusema mambo haya yatapita. Akataka kukiona kibao. Nilikwenda kukileta. Ningeweza kukichoma motoni njiani, jiko la wafanyakazi lilikuwa linawaka. Sikukichoma. Mimi huwa natii kabla sijafikiri.

Padri, mkuu wa misheni, aliingia, akakipima mkononi, akakitia mfukoni mwa kanzu. Akasema: Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka sita.

Jumapili, 18 Oktoba



Baada ya misa Padri aliwazuia watu mbele ya ngazi za kanisa. Akasema wanawake wamedanganywa vya kutosha. Akasema, tazameni, ni ubao wa sabuni, ameuchonga msichana. Akaninyooshea kidole! Akazungusha.

Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo. Akina mama walijifunika vitenge usoni na kukimbia bila kuona njia. Mmoja alianguka juu ya mtoto aliyembeba. Wanaume hawakukimbia. Walisimama wakimtazama Padri, kisha wakanitazama mimi. Padri alikuwa amechoka na amefurahi, jasho linamtiririka. Nadhani kweli aliamini amewafungulia mlango wa gereza.

Nilimtafuta Emérita kwa macho. Hakuwapo.

Jumatatu, 19 Oktoba

Watoto wanne, wote wa wafanyakazi wa misheni. Hatukuimba.

Saa nne alikuja Koko Sidonie, mama wa baba yake Emérita. Ndiye anayemlea tangu mama yake afe. Mzee mwembamba, amejifunga kitenge cheusi, hakutaka kuingia. Tulikaa chini ya paa la nje. Nilipiga magoti, nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Amuka, Mwalimu. Utachafua nguo yako. Mimi sikukuja kugombana. Unajua kusoma makaratasi yote ya wazungu, na hii hukujua?"

"Kwetu ni ya ndege tu, Koko. Ya kufukuza ndege."

"Ya ndege!" Akacheka kidogo, bila meno. "Kwenu ndege iko na heshima sana."

Kisha akanieleza. Watoto waliotazama tu, mama zao wamekwisha waosha nyumbani. Emérita alishika. Shangazi zake hawataki ale chungu kimoja na watoto wao. Hakuna atakayecheza naye, na baadaye hakuna atakayemwoa. Kuna njia moja. Anaoshwa mtoni na wanawake wazee, lakini hawezi kuingia majini peke yake. Aliyemwonyesha ndiye anayeingia kwanza, mbele yake, na kumvuta kwa mkono.

"Njo wewe ulimupatia. Njo wewe utamutosha." Mimi niliyempa, mimi nitakayemtoa.

Jumamosi asubuhi. Nisipofika, wazee wamesema mtoto apelekwe kwa shangazi mkubwa, msitu wa ndani, siku nne kwa miguu. Huko hawamjui. Huko hakuna shule wala misheni. Hatarudi mpaka awe mtu mzima, kama atarudi.

Nikasema nitakuja. Nilisema haraka sana. Alinitazama kama anayesikia kitu kingine nyuma ya maneno.

Jumanne, 20 Oktoba

Nilimweleza Padri. Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alisema mwalimu wa misheni akiingia kwenye maji yale, kila alichofanya Jumapili kimekuwa bure. Nikienda, nisirudi darasani, na nisije kwenye komunyo. Masera alikuwa ameketi pembeni anashona, hakuinua macho. Nikamwambia Padri ni mtoto mmoja, ana miaka mitano. Akasema anafikiri juu ya watoto wote. Na mwanamke yule, nikasema, aliyeangukia mtoto wake? Akanifungulia mlango.

Najua nitaonekanaje nikirudi nyumbani. Baba aliuza mbuzi wawili nisome.

Jumamosi, 24 Oktoba

Sikwenda.

Niliamka mapema, nikavaa, nikakaa kitandani. Kengele ya misa ikalia. Nikaenda misa. Halafu darasani, nikafuta ngazi ya chaki kwa kitambaa na maji. Niliisugua mpaka saruji ikang'aa. Hakuna aliyenituma.

Jumatatu, 26 Oktoba

Watoto wawili. Masera anasema darasa litafungwa mwisho wa mwezi, mpaka watu watulie. Atanipatia kazi ya kushona. Amenipa kipande cha chokoleti. Nimekila, nikatapika.

Jumanne, 27 Oktoba

Nilidhani Koko Sidonie hatakanyaga hapa tena. Amekuja. Safari hii aliingia mpaka ndani ya darasa, akaangalia vibuyu ukutani, akagusa kimoja, hakukitikisa.

"Wazee wamama walikungoja mpaka jua ikakuwa kali," alisema. "Mumoja akasema uliumwa nyoka. Nikamwambia hapana, aliumwa na Padri."

Sikuweza kucheka. Nikauliza habari za mtoto. Hajala tangu juzi. Hasemi. Watoto wa jirani wakipita njiani wanakimbia kwa kumzunguka, na yeye sasa huwasaidia: akiwaona anatoka njiani mwenyewe, anaingia kwenye majani, anageuza uso. Hakuna aliyemfundisha. Mjomba atakayempeleka msituni amekwisha fika. Wanaondoka Alhamisi.

"Niliwauliza wazee siku moja tena," alisema Koko. "Kesho. Nimemaliza kuuliza. Na ujue, Mwalimu, mimi sikupendi. Niko nakuja sababu mutoto anakupenda. Ao alikupenda, sijui."

Nikamwambia ukweli, kwamba nikienda nitafukuzwa. Alifikiri.

"Basi mutakuwa wawili wenye kufukuzwa," akasema. "Wewe iko na miaka ishirini. Yeye iko na mitano."

Amekwenda. Nimeandika barua kwa baba. Nimeichana. Nimeandika nyingine.

Jumatano, 28 Oktoba, asubuhi, mtoni

Naandika juu ya goti. Tunamngoja mama mzee mmoja aliyerudi kuchukua udongo mweupe, walisahau. Akina mama wanne. Wawili nawajua, niliwafundisha watoto wao. Wanazungumza Kinyanga na kunitazama, mmoja akasema kitu na wote wakacheka, kisha akanitafsiria: eti mwalimu ana miguu ya kuku. Nilishukuru kwa kicheko kile.

Nimevua viatu. Maji ni meusi na yanakwenda haraka, yana baridi hata kwa kuyatazama.

Emérita ameketi juu ya mzizi, mgongo kwangu. Amekonda. Nilipofika nilimwita. Nikamwita tena. Nilinyoosha mkono, nikaushikilia hewani, sikuushusha. Hakugeuka. Koko akasema nimwache, mutoto haitwi kama kuku.

Kama hatanipa mkono, sina pa kumshika nimvute. Hilo sikulifikiri. Nilifikiri yote – Padri, baba, kushona – hilo sikulifikiri hata mara moja.

Mzee wa udongo amerudi. Wanasimama.

Juu, kwenye daraja la magogo, kuna kitu cheupe. Ni Masera. Yuko peke yake, amekimbia, anashika kifua. Anaita jina langu, Anastasie, Anastasie, si kwa hasira, kama mtu anayemwita aliyeanguka. Bado hajashuka. Akina mama wamemwona, wawili wanaanza kukusanya vitu vyao.

Koko Sidonie anasema: "Mwalimu, weka kitabu chini. Ingia, ao umujibu Masera. Chagua moja."

Emérita amegeuka. Hanitazami mimi, anatazama daraja. Kisha maji. Ameshuka kutoka mzizini peke yake na sasa amesimama ukingoni, mikono ameikunja kwapani, anangoja kuona nitamjibu nani. Naweka kitabu chini.