Muhuri kwa Ajili ya Hijiki

Sakata, 3 Oktoba

Binti yangu Chiharu,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini kazi ya kuwachongea watu meno ya bandia haijakuchosha macho, na lile bega lako limepoa. Mimi mzima, nakula, nalala. Figili nilizopanda nyuma ya nyumba zimekubali. Nakuandikia kwa sababu simu kwangu siku hizi ni kelele tupu. Nusu nasikia, nusu nabuni.

Kuna jambo. Usicheke. Nataka kufuga mbwa.

Najua, najua. Mama yako aliniomba mbwa miaka ishirini na mimi nikashikilia kwamba manyoya yatajaa kwenye mikeka. Sasa ana mwaka na miezi minne tangu atutoke, na mikeka ni misafi mpaka inaniudhi.

Mbwa mwenyewe yuko kwa kikundi cha watu wanaotunza mbwa waliokosa wenyewe, kule karibu na uwanja wa michezo. Ni chotara. Baba yake ni puduli, wale wa nywele za kujisokota; mama yake teria, vile vijibwa vya kukamata panya. Wanamwita Hijiki kwa kuwa ni mweusi na amevurugika kama ule mwani tunaoupika na karoti. Ana kilo nne tu na manyoya yake hayapukutiki. Nimesoma vitabu viwili vya maktaba: akili kairithi kwa puduli, ubishi kwa teria. Hapendi kuachwa peke yake. Hapo tunaelewana.

Tatizo ni mimi. Bi Kuwata, msimamizi wa pale, alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. “Mzee Inagaki, wewe una sabini na tatu, huyu ana miaka minne. Hesabu fanya mwenyewe.” Nikamwambia nina afya njema. Akanijibu, “Bibi aliyekuwa naye alikuwa na afya njema vilevile. Sasa yuko nyumba ya wazee, na mbwa wake analia mlangoni kwangu.” Basi wana kanuni yao. Mtu aliyepita sitini na tano na anaishi peke yake hapewi mbwa mpaka apatikane mtu wa chini ya hamsini, apige muhuri wa jina lake kwamba mzee akishindwa, au akifa, yeye ndiye atakayemchukua mbwa. Na huyo mtu awe anaishi mahali panaporuhusu mbwa.

Mimi nina mtu mmoja tu wa chini ya hamsini. Lakini kama ni usumbufu, niambie, yaishe.

Baba yako


Nagoya, 12 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, bega linanikumbusha tu kwamba lipo. Wewe je? Usiniandikie “nakula” bila kusema unakula nini, nakujua.

Nimecheka, nisamehe. Baba wa mikeka leo anatafuta mbwa! Na utamnyoa mwenyewe? Hao ambao manyoya hayapukutiki ndio wanaotaka kunyolewa kila mwezi, la sivyo zile nywele zinashikana mpaka huoni macho. Na teria hachoki kuchimba. Agana na figili zako mapema.

Sasa niseme la pili. Jengo ninalopanga haliruhusu hata kasa, hilo unalijua. Lakini si hilo lililonichoma. Umeandika “akifa” kama vile unajaza karatasi ya mita ya maji. Mimi neno hilo bado silimezi. Bado nina hasira na wewe, Baba. Mliniambia Mama ana mafua. Miezi mitano, mafua! Mlisema nisisumbuliwe kwa sababu nina mtihani wa kazi, na nilipofika hospitali alikuwa hanitambui. Mtihani nilifaulu. Sijui wa nini.

Kuhusu muhuri, nipe muda. Nitakuandikia.

Mwanao, Chiharu


Sakata, 17 Oktoba

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nakula wali, supu ya miso na samaki wa chumvi. Umeridhika?

Habari za mama yako sina la kujitetea. Aliniagiza nikae kimya, lakini mdomo ulionyamaza ni wangu mimi.

Bi Kuwata ananiruhusu kumtembeza Hijiki Jumapili. Anaenda hatua kumi, anageuka kuhakikisha kama nipo, anaenda nyingine kumi. Ameligombeza sanduku la posta mpaka nikaona haya. Jirani yetu Sugimori, ambaye tangu mazishi tunainamishiana vichwa tu, akatoka nje na fagio lake: “Inagaki, kumbe bado unaongea!” Tukasimama pale karibu saa nzima, tunamsema mbwa.

Fomu nimeiweka humu ndani. Ni ya kuona tu. Usijisumbue.

Baba yako


Sakata, 8 Novemba

Binti yangu Chiharu,

Salamu nyingi. Huku baridi imeingia, nimeshatoa jiko la mafuta stoo. Nawe uvae vizuri. Hali yangu ni nzuri.

Zimepita wiki tatu, na wala usijieleze. Nilikaa miaka thelathini na minane kwenye dirisha la idara ya maji, na ukimya wa mtu anayeona vibaya kusema hapana naujua vizuri. Mtu mwenye adabu hamngojei mwenzake mpaka alazimike kuitamka. Kwa hiyo Jumapili nilimwambia Bi Kuwata kwamba nimebadili nia. Akaniuliza, “Una hakika, Mzee?” Nikasema ninayo.

Kulikuwa na familia kwenye orodha, baba, mama na watoto wawili, nao walikuja saa nane mchana, siku hiyo hiyo. Mama yule aliuliza maswali mazuri: kama anang'ata viatu, kama anaelewana na watoto, nani wa kumnyoa. Nikamjibu mimi, maana nilikuwa najua zaidi ya Bi Kuwata. Hijiki aliingia kwenye gari lao. Alinitazama kwa dirisha la nyuma, halafu mtoto akampa biskuti.

Ni vizuri. Atakuwa na watu wengi wa kuwageukia. Jambo hili limekwisha, usilibebe moyoni.

Baba yako


Nagoya, 9 Novemba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo na shikamoo tena! Keti kwanza. NIMEHAMA.

Ndiyo sababu nilinyamaza. Sikutaka kukuahidi kitu halafu kiharibike, ukabaki na mdomo wazi mbele ya Bi Kuwata. Nimezunguka na dalali kila siku ya mapumziko. Nyumba saba! Wengine wanaruhusu paka tu, wengine mbwa lakini asibweke, kana kwamba kuna mbwa wa kuchora. Hatimaye nimepata chumba cha chini kabisa, karibu na reli. Kazini sasa ni mwendo wa dakika hamsini na treni zikipita vikombe vinacheza. Lakini mlangoni kuna bomba la kuosha miguu ya mbwa, na kwenye mkataba wameandika: mbwa mmoja, si zaidi ya kilo kumi. Hijiki wawili na nusu wanaingia!

Fomu hiyo hapo. Jina langu, anwani mpya, muhuri. Nilipiga muhuri wa pili pembeni wasije wakaikataa kwa wino hafifu. Lile neno “akifa” nililisoma mara mbili, kisha nikapiga.

Mpeleke nyumbani Jumapili hii, unisikie? Na uniandikie amelala wapi usiku wa kwanza.

Mwanao, Chiharu


Nagoya, 14 Novemba

Baba,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ilizungukia anwani ya zamani, nimeikuta jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na mfuko wa mboga mkononi, na nimelia mbele ya watu.

Umefanya tena. Hii ni mara ya pili unaamua mwenyewe kwamba mimi nisisumbuke, halafu unaniambia mambo yakiwa yamekwisha. Kwani nani alikwambia sitaki kusumbuka? Nani mwingine hapa duniani wa kunisumbua mimi? Nilipanda treni na dalali wiki tatu, bega linaniuma, miguu imevimba, na nikwambie ukweli, tangu Mama afariki sijawahi kuwa na furaha kama wiki zile. Nilikuwa na kazi ya kumfanyia mtu wangu.

Na mimi nina kosa langu, nalijua. Mstari mmoja ungetosha: “Natafuta nyumba.” Sikuuandika. Nimelelewa na wewe, nimeiga.

Huku kwenye jengo kila mtu ana mbwa. Hatuitani majina yetu. Ni “Mama wa Momo”, “Baba wa Chobi”. Jana bibi wa mlango wa pili aliniuliza, “Na wewe ni mama wa nani?” Nikasema bado hajafika. Narudi saa mbili usiku, naosha kikombe kimoja, nakaa.

Sitaki uniambie nisilibebe moyoni. Nataka uniambie unataka nini, Baba, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mpaka hapo siandiki tena.

Chiharu


Sakata, 27 Novemba

Chiharu,

Salamu nimeziruka. Nikianza na baridi na jiko la mafuta nitamaliza ukurasa bila kusema kitu, na barua nne za namna hiyo nimezichana.

Nina upweke. Neno hilo sijawahi kuliandika, nimelitazama kwenye karatasi muda mrefu. Naenda dukani kila siku kununua kitu kimoja kimoja ili niwe na sababu ya kurudi kesho. Jumapili nilipita pale uwanjani bila mbwa, nikageuka kila hatua kumi kama mwehu. Kumtaka nilimtaka Hijiki kweli. Lakini nilipoileta ile fomu nyumbani, kilichonifurahisha ni ile nafasi ya kuandika jina lako. Niliona utaniandikia, tutaulizana habari zake, pengine utakuja kumwona. Ugonjwa wa mama yako niliuficha, na wewe nikakukosesha kuagana naye. Nilikosa. Nisamehe.

Bi Kuwata amekuja jana na zile kelele zake. Fomu yako ameiona, na mihuri yote miwili. “Mzee, ulikuwa na binti wa namna hii ukanyamaza?” Kuna mbwa jike ameletwa, puduli na teria vilevile, wa kijivu, ana miaka tisa, jicho moja halioni vizuri. Watu wanamruka, wanataka wadogo. Sijasema ndiyo wala hapana.

Nataka uje tumtazame pamoja. Njoo mwisho wa mwaka, kaa siku zote ulizopewa.

Fomu mpya iko mezani, upande wangu nimeshaujaza. Nafasi moja tu nimeiacha, wanapouliza familia ina watu wangapi. Njoo uniambie niandike ngapi.

Baba yako